Land Rover Kuukuu za Simiyu na Kazi ya Kuzifufua

Katika maisha ya gari lolote kipo kipindi cha hatari kuliko vyote, nacho ni kile ambacho gari limezeeka kiasi cha kutotakiwa tena sokoni, lakini halijazeeka kiasi cha kuheshimiwa kama sehemu ya historia ya watu waliolitumia. Katika kipindi hicho gari huegeshwa nyuma ya nyumba au chini ya mti, vifaa vyake huchomolewa kimoja kimoja ili kuponya magari mengine, na hatimaye mabaki huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Land Rover za zamani zilizosalia katika Mkoa wa Simiyu, kuanzia Lamadi kando ya Ziwa Viktoria hadi Bariadi, Sola na nyanda za Meatu, zimo katika kipindi hicho leo. Makala haya yanaeleza jinsi gari la namna hiyo linavyoweza kufufuliwa, na yanatetea hoja kwamba gari la zamani huokolewa kwanza na kumbukumbu pamoja na ujuzi wa mafundi, fedha zikifuata nyuma.

Mfano ulio bayana wa magari yaliyovuka kipindi hicho unatoka Marekani. Mwaka 1964 Pontiac, iliyokuwa tawi la kampuni ya General Motors, ilichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati na kulitia injini ya V8, yaani injini yenye silinda nane zilizopangwa katika safu mbili zinazofanya umbo la herufi V, ikiwa na ujazo wa takribani lita 6.4, na gari hilo likapewa jina la GTO. Magari ya aina hiyo, ambayo Wamarekani huyaita magari yenye misuli, yalilenga kumpa kijana mwenye kazi ya kawaida nguvu kubwa kwa bei anayoimudu. Dodge ilileta Charger mwaka 1966, Plymouth ikaleta Road Runner mwaka 1968, na Mustang ya Ford, iliyozinduliwa Aprili 1964 ikiwa na umbo dogo zaidi, nayo ikaingia katika ushindani huo. Enzi hiyo haikudumu, kwa kuwa sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilibana moshi wa magari, kampuni za bima zikapandisha ada za magari yenye nguvu, na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 ukafanya injini inayokunywa petroli nyingi kuwa mzigo kwa mwenyewe.

Magari hayo yaliuzwa kwa bei ya kutupa na mengi yakaishia kupondwa, lakini yale machache yaliyotunzwa yaligeuka kuwa hazina, hata Plymouth Barracuda moja ya wazi ya mwaka 1971, yenye injini iitwayo Hemi, ikafikia dola milioni 3.5 katika mnada wa mwaka 2014. Uchache peke yake haukutosha kuleta thamani hiyo. Wanunuzi wa magari ya namna hiyo hutaka kuona namba zinazooana, maana yake ni kwamba namba zilizogongwa kwenye injini na giaboksi zithibitishe kuwa vyombo hivyo vilitoka kiwandani pamoja na chesisi ileile, na hutaka pia hati za mauzo na stakabadhi za matengenezo. Gari lililofufuliwa vizuri lakini lisilo na kumbukumbu huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko ndugu yake mwenye karatasi kamili.

Magari ya Marekani yenye V8 hayakuwa mageni kabisa Afrika ya Mashariki. Katika mashindano ya East African Safari ya mwaka 1964, ambayo mzizi wake ni mbio zilizoanzishwa mwaka 1953, kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Mercury Comet sita, na tope pamoja na mashimo yakaziangusha nne, zikabaki mbili tu zilizomaliza, katika nafasi ya 18 na ya 21, huku ushindi ukichukuliwa na Ford Cortina ndogo iliyotengenezwa Uingereza. Barabara za eneo hili zilihitaji gari lenye uvumilivu kuliko mbio, na hiyo ndiyo sababu gari lililokaa katika kumbukumbu za watu wa Usukumani, eneo ambalo Simiyu imo, likawa Land Rover.

Hata hivyo, Land Rover yenyewe ina damu ya Marekani. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliunda gari la kwanza la majaribio juu ya chesisi ya Jeep ya kijeshi ya Marekani, na gari kamili likaoneshwa kwa umma Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, huku chesisi ikibaki ya chuma. Toleo la kwanza lilifuatwa na la pili mwaka 1958 na la tatu mwaka 1971, na mojawapo ya magari hayo yanayojulikana nchini Tanzania ni lile la mia na tisa, jina linalotokana na inchi 109, ambazo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1965 Rover ilipata haki ya kutengeneza injini ya V8 ya alumini, yenye lita 3.5, iliyobuniwa na Buick ya Marekani, na injini hiyo ikatiwa ndani ya Range Rover mwaka 1970 kisha ndani ya Land Rover 109 mwaka 1979. Kwa hiyo anayefufua 109 ya V8 anashughulika na injini iliyozaliwa katika nchi ileile ya magari yenye misuli.

Simiyu, iliyofanywa mkoa kamili mwaka 2012, ni nchi ya pamba, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba kuwa tope zito wakati wa masika. Kabla ya barabara ya lami ya kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi kukamilika, gari lisilovutwa na magurudumu yote manne lilikwama kwa urahisi katika udongo huo. Ndiyo maana Land Rover zilitumiwa na mabwana shamba, waganga wa chanjo, wamisionari, watumishi wa vyama vya ushirika na askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Gari moja la namna hiyo limebeba historia ya utumishi wa umma ambayo haikuandikwa mahali pengi.

Kazi ya kufufua huanza na karatasi kabla ya spana. Mnunuzi anapaswa kulinganisha kadi ya gari na namba iliyogongwa kwenye chesisi, kwa sababu Land Rover nyingi za zamani ziliuzwa minadani na kupita mikononi mwa watu kadhaa bila jina la mmiliki kubadilishwa, na gari lisilo na umiliki halali ni hasara hata likiwa zima. Inafaa pia kulipiga picha gari lote kabla ya kufungua chochote, na kuandika kila kifaa kinapotoka na kinapowekwa, kwa kuwa boliti zilizochanganywa katika ndoo moja huweza kusimamisha kazi kwa miezi.

Hatua ya pili ni chesisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari. Chesisi ya Land Rover ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, na tope la mbuga likiingia humo hushika unyevu kwa muda mrefu, hivyo kutu hula kutoka ndani wakati nje panaonekana pazima. Fundi mwangalifu hugongagonga kwa nyundo ndogo akisikiliza mlio, hasa nyuma panapofungwa ndoano ya kuvutia na katika mikono inayobeba bodi, kisha hukata sehemu iliyooza na kuchomelea chuma kipya badala ya kufunika tundu kwa puti na rangi. Bodi ya alumini haishiki kutu ya chuma, lakini ina adui wake: alumini inapogusana na chuma penye unyevunyevu, hasa wenye chumvi, umeme mdogo huzalishwa kati ya metali hizo mbili na alumini huliwa polepole ikawa unga mweupe. Kinga yake ni kusafisha maungio, kuyapaka rangi ya kwanza inayozuia kutu, na kuweka mpira mwembamba kati ya metali hizo.

Hatua ya tatu ni injini. Ile ya petroli ya kawaida katika 109 ina silinda nne na ujazo wa takribani lita 2.3, nayo ni rahisi kufunguliwa katika gereji ya kawaida, ingawa kupanua silinda zilizolika na kusawazisha krenkshafti huhitaji karakana yenye mashine za kukereza vyuma, kama zilizoko Mwanza. Lipo pia suala la petroli. Hapo zamani petroli ilitiwa risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine ililinda viti vya valvu, yaani sehemu ambazo valvu hukalia zinapofunga silinda. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na injini za zamani zenye viti laini huweza kulika zikiendeshwa kwa kasi muda mrefu, kwa hiyo silinda hedi inapofunguliwa ni busara kuvikagua viti hivyo na kuvibadilisha kwa vya chuma kigumu panapohitajika.

Wamiliki wengi wameepuka kazi hiyo kwa kutia injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu, na uamuzi huo unaeleweka kwa mtu anayehitaji gari la kazi, kwa kuwa spea zake hupatikana kirahisi na mafuta hutumika kwa uchache. Anayetaka kuhifadhi, hata hivyo, asiitupe injini ya awali, bali aipake mafuta, aifunike na kuiweka pakavu, ili siku moja irudi mahali pake. Breki zisiachwe mwisho, kwa maana zile za ngoma zilizotumika katika 109 hazikuundwa kwa mwendo wa mabasi ya leo kwenye lami, na mabomba yake, mipira yake na nyaya za umeme zilizokauka vinapaswa kubadilishwa vyote kabla rangi haijapigwa.

Ujuzi huu bado upo nchini. Oktoba 2024 tamasha la Land Rover jijini Arusha lilikusanya mamia kwa mamia ya magari hayo, na jambo hilo lilionesha kwamba mapenzi ya gari hili hayajafa na kwamba mikono ya kulitengeneza haijakosekana. Hatari iliyopo ni kwamba mafundi wanaoijua 109 kwa mlio wake wanazeeka, wakati vijana wanaofundishwa ufundi magari hukutana zaidi na injini zinazopimwa kwa kompyuta. Gari la zamani ni darasa jema kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi stadi cha VETA, kwa kuwa kila kinachofanyika ndani yake kinaonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono, kuanzia kabureta hadi difu, na anayelielewa hupata msingi wa kuelewa yaliyofuata.

Kwa sababu hiyo, familia ya Sola au Bariadi yenye Land Rover iliyosimama haina budi kufikiri mara mbili kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma chakavu. Kuitoa kwenye mvua, kutunza kadi yake, kuandika ilitumikia wapi na nani aliiendesha ni mambo yasiyohitaji mtaji mkubwa, nayo humpa fundi wa kesho pa kuanzia. Wamarekani wengi waligundua thamani ya magari yao baada ya mengi kupondwa. Watu wa Simiyu wana nafasi ya kuitambua thamani ya magari yao yangali yamesimama.