Kalenda ya Ofisi Ikiwa Mtandaoni: Nani Aone Nini?

Mkulima anayetoka Mautuma asubuhi kwenda Lumakanda kumwona afisa wa kilimo huipangia safari hiyo siku nzima. Ng'ombe hukamwa mapema, nauli ya bodaboda hutengwa, na kazi ya shamba huachiwa watu wa nyumbani. Akifika makao makuu ya Kaunti Ndogo ya Lugari na kuambiwa kwamba afisa ameitwa kwenye mkutano Kakamega mjini, siku yake imekwisha. Huenda mkutano huo ulijulikana tangu wiki iliyotangulia, ila habari ilikuwa ndani ya simu ya afisa mwenyewe, na karani wa mapokezi hakuwa na njia ya kuiona.

Usumbufu wa namna hii ndio kalenda ya kidijitali inaweza kuupunguza. Programu zinazotumika sana maofisini, kama Google Calendar na Outlook ya Microsoft, humwezesha mtu kuandika shughuli zake mahali pamoja na kuwaruhusu wenzake waione ratiba hiyo. Afisa akiandika safari yake leo jioni, karani huiona papo hapo, na mkulima akipiga simu kabla ya kutoka nyumbani hupewa siku nyingine.

Lakini kalenda hiyohiyo ikifunguliwa ovyo huweza kumdhuru mkazi mwingine zaidi ya nauli iliyopotea. Ndani ya ratiba za ofisi za umma mna miadi ya wagonjwa, vikao vya nidhamu vya wafanyakazi, na siku ambazo wakaguzi wamepanga kuzuru maduka na baa bila kutoa taarifa. Kwa hiyo ofisi haiamui tu kufungua kalenda au kuifunga. Kati ya hayo mawili kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi ina watu wake.

Ngazi za ruhusa

Katika Google Calendar, mwenye kalenda anaweza kumpa mtu mwingine ruhusa ya aina nne kuu. Ya kwanza, iliyo ndogo kabisa, ni kuona tu kama mwenyewe ana nafasi au ana shughuli. Anayetazama huona kwamba Jumanne kuanzia saa nne hadi saa sita muda umeshikwa, basi. Haambiwi ni shughuli gani wala iko wapi. Ya pili ni kuona maelezo yote: kichwa cha shughuli, mahali, walioalikwa na yaliyoandikwa chini yake. Ya tatu ni kubadilisha, yaani kuongeza shughuli, kuisogeza au kuifuta. Ya nne ni kubadilisha na pia kugawa ruhusa kwa wengine. Outlook inakwenda kwa mtindo uleule, ila ina ngazi moja katikati ambamo mtu huona kichwa na mahali tu, na ina nafasi ya msaidizi anayeweza kupokea na kujibu mialiko kwa niaba ya mkubwa wake.

Karani wa mapokezi anahitaji ngazi gani? Kazi yake ni kumwambia mkazi kama afisa yupo, na lini atapatikana. Kwa kazi hiyo ngazi ya kwanza inatosha. Ikiwa yeye ndiye anayepanga miadi, apewe ya tatu kwa kalenda ya miadi peke yake. Ngazi ya nne iwe mikononi mwa watu wawili: mkuu wa ofisi na mtu mmoja wa pili, ili mmoja akiwa likizoni kazi isisimame. Wakiwa saba, hakuna atakayejua ni nani aliyemfungulia nani.

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anapoongezwa kwenye kalenda kwa haraka, mara nyingi hupewa ruhusa kubwa kuliko kazi yake ili asije akarudi kuuliza tena. Mwanagenzi wa miezi mitatu anapewa uwezo wa kufuta. Siku moja anabonyeza pasipofaa, na shughuli ya chanjo ya mifugo inatoweka kwenye kalenda ya gari la ofisi. Idara nyingine inaona gari halina kazi siku ile na kulichukua. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini wafugaji wamekaa na ng'ombe wao wakisubiri hadi mchana.

Pale siri inapovuja bila mtu kuona

Programu hizi huruhusu shughuli moja kuwekewa alama ya faragha. Wengi huitegemea alama hiyo kuliko inavyostahili. Katika Google Calendar, shughuli ya faragha hufichwa kwa yule mwenye ruhusa ya kuona tu, lakini mwenye ruhusa ya kubadilisha bado huisoma yote. Katika Outlook, msaidizi anaweza kuruhusiwa kuona hata shughuli za faragha ikiwa mwenye kalenda ameiweka hivyo. Kabla ya kuandika neno lolote chini ya alama ya faragha, inafaa kuangalia kwanza ni nani wamo kwenye orodha.

Njia nyingine ni mwaliko. Afisa akiwaalika watu watano kwenye kikao cha siri, nakala ya kikao hicho huingia katika kalenda ya kila mmoja wao. Kama mmoja kati ya hao watano ameifungua kalenda yake kwa idara nzima, kikao kimeshafika kwa idara nzima, hata kama kalenda ya afisa mwenyewe imefungwa. Tena katika Google Calendar walioalikwa huweza kuwaalika wengine, isipokuwa mwandaaji aondoe ruhusa hiyo.

Halafu kuna kiungo cha umma. Kalenda ikifanywa ya umma, mtu yeyote popote duniani anaweza kuisoma, na yaliyomo huweza kupatikana hata kwa kutafuta mtandaoni. Mwaka 2019 mtafiti mmoja wa usalama wa mitandao alionyesha kwamba kalenda nyingi za Google, zikiwemo za mashirika, zilikuwa wazi kwa umma pasipo wenyewe kufahamu. Mfumo haukuwa umevunjwa. Wenyewe walikuwa wamebonyeza mahali pa kuruhusu umma, pengine kwa nia ya kumwonyesha mtu mmoja tu. Pia kila kalenda ya Google ina anwani ya siri, inayotumika kuihamishia katika programu nyingine. Aliyeipata husoma kalenda bila kuulizwa nenosiri. Anwani hiyo ikitumwa kwa bahati mbaya kwenye kundi la WhatsApp, dawa yake ni kuingia katika mipangilio na kuibadilisha, na ile ya zamani haitafanya kazi tena.

Kalenda tatu, si moja

Ofisi inayohudumia umma hupata nafuu kubwa ikiacha kujaza kila kitu katika kalenda moja. Ya kwanza iwe ya umma: vikao vya kushirikisha wananchi, siku za kliniki za nje, siku za maafisa wa kilimo kuzuru wadi, chanjo za mifugo. Ya pili iwe ya wafanyakazi: mikutano ya idara, likizo, magari na ukumbi. Ya tatu iwe ya mambo nyeti, na majina ya wanaoiona yahesabike kwa vidole.

Zabuni ni mfano mzuri wa mgawanyo huu. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, zabuni hufunguliwa mbele ya wazabuni wanaotaka kuhudhuria, kwa hiyo siku na saa ya kuzifungua ni habari ya kutangazwa. Lakini kamati inapokaa kuzitathmini, sheria hiyohiyo inataka usiri. Shughuli hizo mbili hufuatana kwa siku chache, hushughulikiwa na watu walewale, huenda katika chumba kilekile. Hata hivyo moja ni ya kalenda ya kwanza, nyingine ni ya kalenda ya tatu.

Kalenda ya umma ina tarehe ambazo hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na mkazi angefaidika kuzijua mapema. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mtu wa Chekalini anayetaka barabara ya kwao iingie kwenye bajeti hana faida ya kuja na ombi lake mwezi wa Juni.

Sheria inasemaje

Kipengele cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya mtu. Kipengele cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kalenda ya ofisi ya umma imekaa katikati ya hivyo viwili.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Inazihesabu kuwa nyeti habari za afya ya mtu, ndoa yake, mali yake, na hata majina ya watoto, wazazi au mwenzi wake. Kwa hiyo kuandika kwenye kalenda jina kamili la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake ni jambo zito. Namba ya faili inatosha: afisa anayehusika ataifungua faili, na mwingine atakayepitisha macho hataambulia kitu. Data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, ofisi inayoisimamia inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu. Mkazi anayeona taarifa zake zimeanikwa anaweza pia kulalamika kwa Kamishna huyo.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuandika ombi la habari, na ofisi inatakiwa kuamua juu ya ombi hilo ndani ya siku 21. Asiporidhika, anaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Si lazima kufika huko ili kujua siku ya kikao cha wadi, na ofisi yenye kalenda nzuri ya umma haitaulizwa.

Afisa anapohamishwa

Uhamisho ni jambo la kawaida katika utumishi wa umma. Afisa aliyekuwa Lumakanda leo anaweza kuwa Butere au Malava mwezi ujao. Akiwa alifungua kalenda ya ofisi kwa barua pepe yake binafsi, anaondoka nayo. Anayekuja anaanza na ukurasa mtupu, huku miadi ya wakazi ya wiki tatu zijazo ikiwa kwenye simu ya mtu aliye mbali. Akaunti hiyo ikifungwa, kalenda inaweza kupotea nayo.

Dawa yake ni kalenda kufunguliwa kwa anwani ya ofisi, inayobaki na cheo wala haihami na mtu. Siku ya kukabidhi kazi, pamoja na funguo, mihuri na daftari la bohari, kuwe na kufungua mipangilio ya kalenda na kupitia jina kwa jina. Aliyehamishwa aondolewe, aliyestaafu aondolewe, mwanagenzi aliyemaliza muda wake aondolewe. Kazi hii ni rahisi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu, na ofisi ndogo huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Likifanywa hilo kila mwisho wa robo ya mwaka hata kama hakuna aliyehama, majina ya ajabu hayakosi kuonekana.

Na kwa kuwa saa nne imetajwa: kalenda hizi hazijui saa za Kiswahili. Kikao cha saa nne asubuhi huandikwa 10:00. Anayeandika 4:00 amewaita watu alfajiri wakati majogoo yanawika, na simu zao zitawaamsha kweli. Eneo la saa katika mipangilio nalo liwe la Nairobi, kwa kuwa simu iliyowekwa saa za nchi nyingine husogeza kila kitu.

Mkazi asiye na simu ya intaneti

Si kila mtu ana simu ya kufungulia kalenda. Wengi wana kabambe, na wazee wengi husubiri tangazo kwenye baraza au kanisani. Kalenda ya umma huchapishwa kwa dakika moja. Ikibandikwa kila Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya wadi, na nakala kupelekewa wazee wa mtaa, imewafikia hao pia. Kikao kikiahirishwa, karatasi ibadilishwe siku hiyohiyo, maana ubao wenye habari ya zamani humsafirisha mtu bure kama vile hakuambiwa kitu.

Mkazi anayepangiwa miadi anaweza kumwuliza karani mambo mawili kabla ya kuondoka dirishani: jina lake limeandikwaje kwenye kalenda, na nani wanaliona. Akiona jambo lake ni la siri, aombe iandikwe namba ya faili badala ya jina. Na kabla ya kutoka nyumbani siku ya miadi, apige simu mapokezi kuhakikisha afisa yupo. Karani aliyepewa ngazi ya kwanza ya ruhusa ataweza kumjibu hapohapo.