Upepo ni Neema, Ufukwe ni Amana

Sisi tuliozaliwa visiwani hatuna haja ya kuhubiriwa habari za upepo. Mtoto wa kisiwani huzijua kaskazi na kusi kabla hajajua kusoma, na baharia hatweki tanga pasipo kwanza kuyatazama mawingu. Hata hivyo, ni mara chache tunapojiuliza ni nani mwenye dhamana ya kulinda mahali ambapo upepo huo huvuma. Leo tunapenda kulieleza jambo hilo kwa mfano wa watu wa mbali ambao, kama sisi, wanaishi baina ya mchanga na bahari.

Katika pwani ya jimbo la North Carolina, nchini Marekani, umetanda utepe mrefu wa visiwa na ndimi za mchanga uitwao Outer Banks. Hapo, katika mji wa Nags Head, kipo kilima cha mchanga kiitwacho Jockey's Ridge, ambacho upepo hukijenga na kukibomoa, na kukisogeza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Tangu mwaka 1974 watu hufundishwa hapo kuruka kwa tiara kubwa yenye kumbeba mtu. Chombo hicho ni bawa la kitambaa lililotandazwa juu ya mabomba ya alumini. Hakina injini, na rubani wake huning'inia chini yake kwa mikanda.

Siku ya mafunzo haianzi angani, bali huanza darasani. Wanafunzi huelezwa kwanza namna bawa linavyobebwa na hewa, kisha huvaa kofia ngumu na mikanda, wakakipanda kilima kwa miguu huku mchanga ukiwazamisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huko juu mwalimu huupima upepo. Ukiwa dhaifu, bawa halinyanyuki. Ukiwa mkali, humpokonya mwanafunzi chombo chake. Hakimu wa siku hiyo ni upepo, wala hahongeki.

Mwanafunzi huukabili upepo uso kwa uso, akateremka mbio mpaka miguu yake inapokosa mchanga wa kukanyaga. Akiivuta fimbo kifuani, chombo huongeza mwendo. Akiisukuma mbele, hupungua. Akiuelekeza mwili wake upande mmoja, bawa hugeuka upande huo. Wakati wa kutua huisukuma fimbo kwa nguvu, bawa likajizuia, naye akasimama kwa miguu yake. Safari za mwanzo huwa za mita chache tu juu ya ardhi, na mwalimu hukimbia ubavuni akimwita na kumwelekeza. Anayeanguka huangukia mchanga, akainuka, akajipangusa na kukipanda kilima tena.

Wapo na wale wasiotaka kujifunza bali kuonja tu. Hao hupelekwa kwenye uwanja wa ndege, si kilimani. Abiria hufungwa pamoja na mwalimu chini ya bawa moja, wakavutwa kwa kamba na ndege ndogo nyepesi hadi kimo cha mita 600 hivi. Kamba ikiachiliwa, mngurumo wa injini hutokomea na kubaki uvumi wa hewa peke yake. Hapo abiria huyaona kwa macho yake yale ambayo ramani haiwezi kumfahamisha vyema: jinsi ule utepe wa mchanga ulivyo mwembamba, bahari kuu upande mmoja na maji ya ndani upande wa pili.

Ndugu wasomaji, elimu hiyo haikuletwa na wakubwa peke yao. Wilbur na Orville Wright walikwenda kwenye visiwa hivyo mwaka 1900 kwa sababu ya upepo na mchanga wake, na mwenyeji wao, William Tate, ndiye aliyewaandikia barua ya kuwakaribisha. Ndege yao yenye injini iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, kwa muda wa sekunde 12, aliyeipiga picha alikuwa John Daniels, mmoja wa waokozi wa baharini wa hapo hapo. Na bawa laini, ambalo ndilo asili ya tiara hizi, lilibuniwa mwaka 1948 na mhandisi Francis Rogallo pamoja na mkewe Gertrude, ambao walilishona bawa lao la majaribio kwa kitambaa cha pazia la jikoni. Wawili hao waliiruhusu serikali yao kuutumia uvumbuzi huo pasipo malipo. Baadaye walihamia pwani hiyo hiyo, na Rogallo mwenyewe akaruka juu ya mchanga wa Jockey's Ridge.

Lakini yote hayo yalikaribia kukosa mahali pa kufanyikia. Mwaka 1973 tingatinga lilianza kukichimba kilima hicho ili zijengwe nyumba. Mama mmoja mkaazi wa hapo, Carolista Baum, alipopata habari alikwenda akasimama mbele ya mtambo huo, na dereva akalazimika kuuzima. Hakuishia hapo. Aliwakusanya wenziwe, wakachanga fedha na kutia saini, wakawaendea viongozi wa jimbo. Viongozi walisikia, na mwaka 1975 kilima kikatangazwa kuwa hifadhi ya umma. Leo mwenye tiara yake huruhusiwa kuruka hapo ikiwa amejiandikisha na ana cheti cha kuthibitisha ujuzi wake. Hivyo mahali ni pa wote, na ada ni ya wote.

Tunapenda wakuu wenye dhamana ya ardhi walizingatie jambo hilo. Hatusemi kwamba ufukwe usijengwe kabisa, kwani wananchi wanahitaji kazi na serikali inahitaji mapato. Tunasema kwamba kabla ya kuidhinisha mchoro wowote, mhusika atoke ofisini, aende akasimame pale penye mchanga, awaulize wavuvi, akina mama na watoto wanapatumiaje. Nasi wananchi tusingoje ukuta ukisha kusimama ndipo tuanze kunung'unika barazani. Mama yule alikwenda siku ile ile mtambo ulipowasha moto. Lau angalisubiri kesho yake, labda asingalikuta cha kutetea.

Upepo tumejaaliwa na Mwenyezi Mungu, wala hakuna awezaye kuuzungushia ua. Ufukwe tumeachiwa na wazee wetu, na huo waweza kututoka kwa saini moja. Ni wajibu wetu sote kuutunza, ili watoto wetu nao wapate pa kusimama na kuukabili upepo.