Kuiacha Njia Tuliyoizoea

Wasikizaji wetu, mtu wa mjini hushika njia ile ile kila siku, akadhani aujua mji. Nasi walimu tulikuwa hivyo hapa Mombasa. Jioni moja tuliiacha Ndia Kuu (watu wa Mvita husema "ndia", si "njia"), tukafuata kichochoro tusichokijua. Kikatufikisha Leven House, penye ngazi zishukazo hadi bandari ya kale. Leven ilikuwa manowari ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyeiweka Mombasa chini ya himaya mwaka 1824. Himaya hiyo ilidumu miaka miwili tu. Habari hizo tumewasomesha watoto kwa kitabu miaka mingi, na nyumba yenyewe, karibu na Ngome ya Yesu, hatujapata kuiona! Juma lililofuata tuliwapeleka kwa miguu.