Idara Zikipatana, Maradhi Hukoma: Habari za Sotoka

Ndugu mfugaji,

Yafaa ujue kwa nini daktari wa mifugo, mlinzi wa wanyama wa pori na maafisa wa nchi jirani hushauriana juu ya ng'ombe wako. Sababu yake imo katika habari za sotoka.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki, na njaa ikafuata. Kuanzia mwaka 1962 hata 1976 nchi nyingi za Afrika zilichanja ng'ombe kwa pamoja, na ugonjwa ukapungua sana. Lakini watu walipodhani kazi imekwisha, uchanjaji wa ndama na uangalizi vililegea. Masalio ya ugonjwa yakabaki mahali pachache, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaenea tena kwa nguvu.

Mwaka 1986 nchi zaidi ya 30 zilianza upya. Mambo matatu yalizisaidia:

1. Shabaha moja, na kila idara kujua kazi yake: hii kuchanja, ile kupima damu, nyingine kuwaangalia nyati porini.

2. Kipimo kimoja. Maabara zilipima damu kwa njia moja, hata majibu ya nchi hii yakaaminiwa na nchi ile.

3. Kutoficha habari. Afichaye ugonjwa huwaponza jirani zake. Atangazaye mapema huwaokoa.

Mnyama wa mwisho aliyejulikana kuwa na sotoka alikuwa nyati, huko Kenya, mwaka 2001. Kama idara ya mifugo ingaliangalia mazizi tu, nani angalijua? Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani.

Sasa mataifa yamekusudia kuikomesha sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo mwaka 2030. Dalili zake ni homa, makamasi na machozi mazito, vidonda kinywani, na kuhara. Ukiziona, fanya hivi: mtenge mnyama mgonjwa, usipeleke mbuzi wala kondoo wako mnadani, na siku ile ile mpashe habari afisa mifugo wako.

Idara haziwezi kushauriana juu ya jambo lisilozifikia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika kazi hii kidole cha kwanza ni chako wewe.