Nguo Hubeba Maana: Tuulize Kabla ya Kugawa

Kamati zetu zinapoandaa msaada wa nguo huuliza maswali mawili: Je, nguo ni nzima? Je, itamtosha mlengwa? Katika toleo hili tunapenda kuongeza la tatu: Je, jamii yake ikimwona nayo itasema ni nguo ya mtu wa namna gani? Mara nyingi jibu hilo ndilo huamua kama nguo itavaliwa au itabaki sandukuni.

Tuchukue mfano wa kaniki, kitambaa cha pamba cheusi au cha buluu iliyokolea. Katika karne ya 19 huko Unguja kilivaliwa na wanawake watumwa na maskini. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi wao waliiacha kaniki wakavaa kanga za rangi. Si kwamba kaniki ilishindwa kuwasitiri, bali iliwatangaza kuwa watumwa. Hadi leo wapo wanaoihusisha na mambo ya uganga, wakaikwepa.

Kanga nayo ina maneno yake. Mwanamke apewapo kanga hutazama rangi, kisha husoma jina lake. Maneno ya shukrani huleta furaha, lakini ya mafumbo yaweza kuzua ugomvi na wifi au jirani, hata kama mtoaji hakukusudia.

Aidha, mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya asili na kuvaa suruali na magauni. Mpaka leo lubega huvaliwa. Vazi hilo humtambulisha mtu na watu wake, na amri haikutosha kuondoa maana hiyo.

Hata hivyo, maana hubadilika. Mitumba iliwahi kuitwa "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba mwenye nguo amefariki huko. Leo mitumba huvaliwa na watu wa kila hali, na wengi huichagua kwa kuwa ni imara.

Hivyo basi, tunazishauri kamati za parokia zifanye yafuatayo:

1. Kuwauliza walengwa wenyewe, wanawake, wazee na vijana, kabla ya kununua au kupokea nguo.
2. Kusoma maneno ya kanga kabla ya kuzigawa.
3. Kuepuka kuwavalisha walengwa sare inayowatenga na wenzao.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wenu. Inapowezekana, tunaomba mchango wa fedha badala ya marobota, ili familia ziende sokoni kujichagulia. Mtu aliyepungukiwa bado anajali jinsi anavyoonekana mbele ya majirani zake. Msaada unaomwacha achague humpa nguo na kumwachia heshima yake.