Msako wa Whispers: mcheshi wa Jumapili aliyebaki kwenye magazeti ya zamani

NAIROBI. Gazeti la Jumapili lina maisha mafupi. Asubuhi linagombaniwa, jioni liko chini ya kochi, na Jumatatu limeshafungia nyama buchani. Ndiyo maana anayemtafuta leo Wahome Mutahi, mwandishi aliyewachekesha Wakenya kwa takriban miaka 20, ana kazi kubwa.

Wengi hawalikumbuki hata jina lake. Wanachokumbuka ni Whispers, jina la safu yake na la mhusika wake mkuu: baba mwenye nyumba, mpenda baa, mwoga wa mkewe. Safu hiyo ya Kiingereza ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika magazeti ya Standard, baadaye ikahamia Sunday Nation.

Njia rahisi ya kumsaka ni kuuliza kwa majina ya wahusika. Mtaje Thatcher, mke aliyebandikwa jina la waziri mkuu wa Uingereza kwa ukali wake. Mtaje mama wa kijijini, Appepklonia. Au binti, The Investment, ambaye baba alimpigia hesabu ya mahari kama mfanyabiashara anayehesabu faida kabla mzigo haujavuka mpaka. Wakenya wa makamo hucheka kabla swali halijaisha, kisha hukusimulia kisa.

Lakini kisa cha mdomo ni kama bidhaa isiyo na lebo: kila anayekipokea hukiongezea chake. Anayemtaka Whispers halisi hana budi kufika kwenye karatasi.

Kicheko chenye gharama

Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa mwaka 1986 wakati serikali ikiwaandama waliodaiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la Mwakenya. Alikaa kifungoni miezi 15. Humo zilitoka riwaya mbili, Three Days on the Cross, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1992, na The Jail Bugs.

Alipotoka hakuacha mzaha. Ugomvi wa nyumba ya Whispers ulibeba mambo ya nchi ambayo wakati wa chama kimoja yalikuwa hatari kuyasema waziwazi. Aliandika pia michezo ya kuigiza ya Kikuyu iliyochezwa kwenye baa, mbele ya watu wenye bia zao mezani.

Alifariki Julai 2003 akiwa na miaka 48, baada ya miezi kadhaa bila fahamu. Tuzo ya fasihi yenye jina lake ilianza kutolewa mwaka 2006.

Pa kuanzia

Mfanyabiashara anayesubiri basi la usiku la Kampala au Arusha pale River Road hayuko mbali. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina hazina ya magazeti ya zamani. Kwa wauza vitabu vya mitumba, aulizie How to be a Kenyan, kitabu chake chembamba cha kuwatania Wakenya.

Safu zake nyingi hazikuwahi kukusanywa kitabuni. Aliye na rundo la Sunday Nation za miaka ya 1990 stoo, asiliuze kwa kilo kabla ya kulifunua.