Mtoto Mkubwa Haji Mikono Mitupu

Mtoto wa miaka tisa aliyekulia Mbwera, katika delta ya Rufiji, anajua maji yanajaa lini na yanakupwa lini bila kutazama saa. Anapiga kasia peke yake kati ya mikoko. Msimu wa mpunga analala na bibi yake juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu kinachojengwa shambani, na usiku anaamshwa kufukuza nguruwe pori. Kwao ni mtu wa kutegemewa. Mpeleke Oslo, au Mbezi ya Dar es Salaam tu: ghafla ni mtoto asiyejua kuvuka barabara wala kuwasha jiko la gesi, na darasani amewekwa na wadogo zake. Wazazi wapya wanaomchukua mtoto yatima wa umri huo hujiandaa kumfariji kwa kufiwa. Ni wachache wanaojiandaa kwa msiba wa pili, wa mtoto hodari kuonekana hajui kitu.

Njia ya kwenda ng'ambo ni nyembamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu asiye raia kuasili mtoto wa Kitanzania iwapo ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, amemlea kwanza mtoto huyo chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, na imeonekana kuwa hapa nchini hakuna malezi yanayomfaa. Ethiopia iliyokuwa ikitoa watoto wengi wa kuasiliwa ng'ambo ilifunga mlango huo kabisa mwaka 2018. Wengi wa watoto wa Kibiti, wilaya yenye delta hiyo, waliopoteza wazazi huishia kwa shangazi au mjomba, Dar es Salaam au Mafia, bila karatasi yoyote ya mahakama. Wapo waliofiwa na baba katika mauaji yaliyoikumba wilaya hiyo mwaka 2017, wapo ambao nyumba na mashamba yao yalichukuliwa na mafuriko ya 2024. Umbali unatofautiana, lakini yanayompata mtoto moyoni yanafanana sana.

Wiki za kwanza huwa shwari mno. Mtoto anafagia kabla hajaambiwa, anaitikia kila jambo, hagombani na mtu. Wenyeji hufurahi wakidhani amezoea, kumbe bado ni mgeni anayechunga asirudishwe. Akianza kujisikia salama ndipo hasira inapotoka: anavunja vitu, anaficha mkate chini ya godoro, anasema wewe si mama yangu. Mzazi anaona mambo yameharibika. Mimi husema hapo ndipo kazi imeanza kwenda vizuri, kwa sababu mtoto hamjaribu mtu asiyemtumainia. Mkate usinyang'anywe. Mwekee sahani yenye kifuniko mahali anapoiona, ijazwe kila jioni, mpaka aache mwenyewe kuitazama.

Lugha inaniumiza zaidi. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima walioasiliwa kutoka Korea wakiwa na umri kati ya miaka mitatu na minane. Waliposikilizishwa sentensi za Kikorea, hawakuweza kuzitofautisha na za lugha nyingine wasizozijua. Hebu fikiria maana yake kwa mtoto wa delta: bibi anapiga simu kutoka Kiongoroni, na mjukuu hana neno la kumjibu. Familia inayompeleka nje na isijifunze Kiswahili inamkatia mtoto njia ya kurudi, hata kama ina mapenzi tele.

Kuhusu jina, Waislamu wa delta wana msimamo ulio wazi: yatima hulelewa kwa heshima zote, ila hubaki akiitwa kwa jina la baba yake. Malezi hayo, kafala, yametajwa pia katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Hata mlezi asiye wa dini hiyo ana la kujifunza hapo, kwani mtoto aliyeachiwa jina lake halazimiki kuchagua kati ya marehemu na walio hai.

Furaha nayo ipo, na haifanani na ile ya kupata mtoto mchanga. Mtoto mkubwa anakukosoa: kamba hawapikwi hivyo, umewaunguza. Siku anayoingia jikoni kukuonyesha, amerudishiwa ule uhodari wake, nawe umepata mtu wa kukufundisha jambo. Ipo pia siku anapogombana na mwenzake wa nyumbani kwa sauti ya juu, bila hofu, kisha wakalala chumba kimoja. Na ipo siku anapokusimulia habari za mama yake bila kuulizwa, kwa kuwa ameona unapenda kusikia.

Kwa hiyo kabla ya kumchukua, panda boti Nyamisati uende kwao pamoja naye. Mkae na bibi. Muulize bibi: mtoto hula nini akiugua, huogopa nini, nani alikufa na mtoto aliambiwaje, wimbo gani humlaza. Yaandike yote, na namba ya simu ya jirani pia, maana bibi ni mzee na huenda simu si yake.